Daftari la Dawa Lipimwe kwa Mgonjwa

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Na dawa je? Mgonjwa akiandikiwa dawa na madaktari watatu wasiojuana, yamkini dawa hizo zikadhuriana mwilini mwake. Ndiyo sababu Uswidi ilitunga sheria, iliyoanza kutumika Mei 1, 2021, ya kuunda orodha moja ya dawa ambayo daktari, mfamasia na mgonjwa mwenyewe huisoma kwa tarakilishi.

Wazo ni jema. Utekelezaji, hata hivyo, ulijikokota. Majimbo 21 yanayosimamia tiba huko yalihitaji kurekebisha mitambo yao kwanza, na muda wa kujiunga ukasogezwa kutoka Mei 2023 hadi Desemba 2025. Tena, orodha hiyo huonyesha dawa zilizoandikwa na zilizochukuliwa dukani. Haionyeshi alizopewa mgonjwa wodini, wala alizojinunulia bila idhini ya daktari.

Hapo ndipo penye funzo kwetu Wakenya, tuliopitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka wa 2023. Mwalimu anajua kwamba jina kuwamo katika rejista si ithibati kwamba mtoto ameelimika. Vivyo hivyo, tusihesabu hospitali zilizounganishwa tukajipongeza. Nionavyo mimi, kipimo cha haki ni kimoja: je, kilichoandikwa ndicho anachomeza mgonjwa? Daktari na aketi naye, amwulize, kisha asahihishe. Orodha isiyosahihishwa yaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa huaminiwa.