Usichome karatasi za nyanya!

Mzee akishazikwa na wageni wakishaondoka, nyumba husafishwa. Nguo hugawanywa, viti hupewa wajukuu, na karatasi kuukuu huwashiwa moto nyuma ya jiko. Msomaji, wewe ambaye kwenu ni Homa Bay au Migori, je, mlizitazama karatasi hizo kabla ya kuzichoma?

Huenda mlichoma kitabu kilichopigwa chapa Gendia, karibu na Kendu Bay. Mnamo Novemba 1906, mmisionari wa Kiadventista kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alifika hapo pamoja na Peter Nyambo, aliyetoka nchi inayoitwa Malawi leo. Carscallen alijifunza Kijaluo, na mwaka wa 1913 akapata mtambo mdogo wa kupiga chapa. Kiwanda hicho ndicho kilichokuja kuitwa Africa Herald Publishing House. Vitabu vya kanisa na vya kujifunzia kusoma vilienea kutoka huko hadi misheni nyingine, kama vile Kamagambo iliyoko Migori.

Vilikwenda wapi?

Jibu ni kwamba vilitumika. Kitabu kikubwa cha kabatini hudumu, lakini kile cha nyimbo hubebwa kila Sabato, hunyeshewa, hushikwa na watoto, hatimaye huraruka. Hata Marekani ilikuwa hivyo. Walowezi wa Massachusetts walichapisha kitabu chao cha zaburi, Bay Psalm Book, mwaka wa 1640. Nakala zilikuwa kama 1,700. Zinazojulikana leo ni 11 tu! Mwaka wa 2013 moja iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 14.

Karatasi moja nayo yaweza kuwa hazina. Mwaka wa 1989, mtu mmoja huko Pennsylvania alinunua picha kuukuu kwa dola 4 kwa sababu alipenda fremu yake. Nyuma ya picha alikuta karatasi iliyokunjwa. Lilikuwa Tangazo la Uhuru wa Marekani, lililopigwa chapa na John Dunlap mwaka wa 1776. Mnamo 1991 liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.

Usikimbie sokoni, lakini! Kitabu cha nyanya hakitakujengea gorofa. Thamani yake ni nyingine: kurasa za mbele aghalabu huwa na majina ya watoto na tarehe walizozaliwa, na huenda hazikuandikwa popote pengine.

Tafuta nini?

Tafuta vitabu vya nyimbo na vya shule vya Kijaluo, Agano Jipya la 1926 na Biblia nzima ya 1953. Ukikuta toleo la kwanza la Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila kilichoandikwa na Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, na kutolewa 1938, kishike kwa mikono miwili. Usidharau kadi za ubatizo, risiti za kodi ya nyumba, kipande, matangazo ya harambee wala ratiba za mazishi.

Utunzaji hauhitaji pesa nyingi. Weka karatasi ndani ya bahasha safi, kisha kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa na unyevu wa ziwa. Usibandike selotepu, kwani gundi yake hula karatasi. Andika kwa penseli, juu ya bahasha, jina la mwenyewe na mahali ilikopatikana. Piga picha kwa simu, uwatumie ndugu zako. Muhimu zaidi, omba ruhusa ya wazee kabla ya kubeba chochote kuja mjini.

Kama hamwezi kutunza, kuna njia. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, alikusanya maelfu ya vitabu maishani mwake. Takriban 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900 viliwekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Mwanafunzi, nenda ukajionee kitabu cha zamani kinavyohifadhiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lenyewe likichomwa, tutamuuliza nani?