Kwa nini mama anapita hosi anaenda kwa mkunga wa mtaa? Ishu si doh tu

Cuzo yangu alifika hosi saa nane usiku, uchungu umeshika vibaya. Akapiga magoti chini, akashika chuma ya kitanda, ju hivo ndio mwili ulikuwa unamwambia. Sista akaingia na kelele: "Mama, panda kitanda ulale na mgongo! Huku si kwenu ushago!" Akapanda. Mtoi alitoka poa, na yeye akawa poa. Lakini hiyo maneno haikuwai mtoka kwa kichwa.

Mimba ya pili hakurudi. Alienda kwa mathe flani mpole wa ploti ya nyuma, mwenye alimwacha apige magoti, akamkanda mgongo, akamchemshia chai. Mtoi akatoka. Damu nayo ikakataa kusimama. Tulimkimbiza na tuktuk kwa hosi ile ile alikuwa anahepa. Alipona, lakini ilibaki kidogo sana tuwe na stori ingine.

Hosi ilikuwa karibu. Doh haikuwa shida pia wakati huo, ju Juni 2013 serikali ilikuwa imetoa ada ya kujifungua kwa hosi za umma. Alihepa mdomo wa mtu. Na hapo ndio hii topiki ya wakunga na mila inaingia.

Kwanza, namba

Kenya imejaribu, tusidanganyane. Utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha 2014 watoi 62 kwa kila 100 walizaliwa mama akisaidiwa na mtu mwenye amesomea hiyo kazi. Kufika 2022 walikuwa 89. Hiyo ni kuomoka. Lakini bado kuna hao 11, na wengi wako mbali na barabara, kwa jamii zenye hosi inaonekana ni kama nchi ya wenyewe.

Mama akivuja damu baada ya kuzaa, dakika zinahesabika. Mkunga wa mtaa anaeza kuwa na roho safi na mikono laini, lakini hana sindano ya kufanya tumbo la uzazi likaze, hana damu ya kuongezea mtu, hana thieta. So kila kitu kinafanya mama ahepe hosi, hata kama ni dharau ndogo, kinaeza muua.

Vitu zenye zinafanya wamama wahepe

Kulala na mgongo. Jamii nyingi huku kwetu, wamama wamekuwa wakizaa wakipiga magoti ama wakichuchumaa. Na si ushamba. Ukilala chali, uzito wa tumbo unakandamiza mshipa mkubwa wenye unarudisha damu kwa roho, na mtoi anaeza kosa hewa ya kutosha. Ukiwa wima, nyonga inafunguka na uzito wa mtoi unasaidia kumshukisha. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2018, linasema mama achague mkao wenye anataka, na akuwe na mtu wake wa kumshika mkono. So shosho alikuwa na rada kitambo.

Mwanaume kwa leba. Kwa mama Muislamu wa Garissa ama Lamu, kuvuliwa nguo mbele ya nasi mwanaume si kitu ya kuchukulia rahisi. Kama kuna nasi wa kike kwa zamu, mwite. Kama hayuko, mwambie mama mapema, funga pazia, mfunike penye hapahitaji kuonekana. Hiyo leso haimalizi bajeti ya kaunti.

Kondo la nyuma. Kwa hosi linahesabika kama taka ya kuchomwa. Kwa Waluo, Wakikuyu na jamii zingine, kimila linazikwa, na kwa Waluo kuzikwa kwa boma ni kama kusema huyu mtoi ni wa hapa. Kuuliza tu "Mama, mnataka kubeba?" na kuwaonyesha venye watalibeba bila kuambukizwa kitu, inachukua dakika moja.

Nguo za mtoi. Sista anakuuliza, "Shali iko wapi? Beseni iko wapi?" Halafu anakuita mzembe. Lakini kuna familia hazinunui kitu cha mtoi kabla azaliwe, ju wanaona ni kuita mkosi. Huyo mama si mzembe, anaogopa.

Kelele. Kuna wamama wamefunzwa kuvumilia kimya, na kuna wenye wanalia mpaka geti isikie. Wa kimya anaeza achwa kwa benchi ati bado hajafika, kumbe kichwa kinaonekana. Wa kelele anaambiwa, "Wakati wa kutengeneza mbona hukulia?" Wahenga walishasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mpime mtu, usimkadirie na sauti.

Peru walifanya aje?

Kama unadhani hii ni stori ya kupendeza wafadhili, cheki Ayacucho, milimani huko Peru. Wamama wa jamii ya Quechua walikuwa wanahepa kliniki kabisa. 1999, wenye walizalia kliniki kwa sehemu moja ya huko walikuwa 6 tu kwa 100. Wahudumu wakakaa chini na wamama, wakawauliza shida ni gani. Wakaweka kamba ya kushika na kistuli ya kuzalia wima, wakaruhusu familia iingie, wakaanza kuongea Kiquechua. Kufika 2007 walikuwa 83 kwa 100. Kamba na kistuli, msee.

Huku kwetu pia kuna wenye wamechanuka. Kaskazini mwa Kenya kuna mahali wamejenga nyumba za wamama kungojea siku karibu na hosi, ndio mtu asitembee usiku mzima na uchungu. Na sehemu kadhaa, wakunga wa jadi wamepewa kazi mpya: wanaleta mama hosi na kukaa naye, badala ya kumzalisha kwa nyumba.

Lakini si kila mila inapitishwa

Kuheshimu mila si kusema ndio kwa kila kitu. Ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya 2011, na haijalishi kama anayekata ni ngariba ama daktari mwenye glavu. Lakini mama mwenye alikatwa akiwa mtoto hana kosa. Utafiti wa 2022 ulipata ni wanawake 15 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 49. Wengine walishonwa, na lazima wafunguliwe na mtaalamu ndio mtoi apite. Nasi anafaa kuuliza kwa kliniki mapema, kwa upole. Kuita wenzake waje kuangalia ni unyama.

Dawa za miti za kuharakisha uchungu nazo ni ngori. Zinaeza kaza tumbo kupita kiasi mpaka lipasuke. Ukimgombeza mama ataficha. Ukimuuliza poa atakuambia amekunywa nini, na saa ngapi.

Haki ni yako

Katiba ya 2010 inakupa haki ya afya ya uzazi na ya kuheshimiwa. Si maneno ya karatasi tu. 2013 mama mmoja alizalia sakafuni kwa hosi ya umma Bungoma na akatukanwa. 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zake zilivunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5.

So ukienda kliniki, usingoje siku ya uchungu. Uliza mapema: naeza kuja na mtu wangu? Naeza kuzaa nikiwa wima? Kuna nasi wa kike usiku? Na kondo?

Cuzo yangu ako na ball ya tatu sai. Wiki jana aliuliza hayo maswali kwa kliniki ingine. Nasi aliandika kila kitu kwa kitabu, akamwambia, "Magoti ni sawa, mama. Tutakuwekea mkeka." Ameamua atazalia hapo.