Mlango wa gereji ya zamani usiupake rangi kabla ya kuukagua

Katika mitaa ya zamani ya Bujumbura, kama Rohero na Kiriri, zipo nyumba nyingi zilizojengwa wakati mji huo ukiitwa Usumbura, au miaka michache baada ya uhuru wa 1962. Nyingi kati ya hizo zina gereji. Tunasema gereji kwa maana ya chumba cha kulaza gari nyumbani, si kule Buyenzi kwa makanika.

Anayerejea kutoka Kigoma, Uvira, Brussels au Montreal na kukabidhiwa funguo za nyumba ya wazazi hukimbilia kukagua paa, mabomba na nyaya za umeme. Mlango wa gereji huachwa mwisho, na mara nyingi matengenezo yake huishia kwenye kopo moja la rangi. Mfanyabiashara wa mpakani naye, akipangishwa gereji hiyo ili aifanye stoo ya vitenge, sabuni au mafuta ya mawese, huuliza jambo moja tu: kufuli linafunga?

Wote wawili wanapaswa kuanza na uzito. Bati la chuma lenye unene wa milimita 2 lina karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba. Mlango wenye upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 2.1 kwenda juu utakuwa na bati la karibu kilo 80, kabla hujahesabu vyuma vya fremu, bawaba na makomeo. Mzigo huo umening'inia kwenye vyuma vilivyowekwa na fundi ambaye huenda hayupo tena duniani. Ukianguka, hauchagui kati ya mtoto, gunia na mwenye nyumba.

Ulio wa kawaida zaidi katika nyumba hizo ni mlango wa mbao mbili zinazofunguka kushoto na kulia, wa chuma au wa mti. Kasoro zake ni rahisi kuzitambua ukisimama nje na kuutazama ukiwa umefungwa. Angalia mwanya uliopo katikati, pale mbao mbili zinapokutana. Mwanya ukiwa sawa kutoka juu hadi chini, mlango umekaa vizuri. Zikigusana juu na kuachana chini, au moja ikiwa imeshuka kuliko mwenzake, kuna kitu kimelegea. Ishara nyingine ni mchoro wa nusu duara kwenye sakafu, alama ya mlango ambao umekuwa ukiburutwa kwa miaka.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Fundi huitwa, hutazama mara moja na kusema bawaba zimekwisha. Bawaba mpya zinachomelewa, watu wanafurahi, na baada ya masika moja mlango unarudi kuburuta. Sababu ni kwamba ugonjwa haukuwa kwenye bawaba, ulikuwa kwenye nguzo. Nguzo ya matofali iliyobeba mlango mzito kwa miaka 50, juu ya msingi ulioloana kila masika, huinama polepole. Timazi inatosha kuonyesha ukweli. Kama huna, funga jiwe kwenye uzi, ushushe kutoka juu ya nguzo, kisha upime umbali wa uzi na ukuta juu na chini. Vipimo vikitofautiana kwa sentimita moja au mbili, nguzo imeinama. Muulize fundi waziwazi: "Fundi, tatizo ni bawaba au ni nguzo?" Asiyeweza kukuonyesha jibu kwa kipimo, usimpe kazi bado.

Nguzo ikiwa imesimama wima, rudi kwenye bawaba. Shika mlango upande wa mbali na bawaba, uunyanyue kidogo kwa mikono miwili. Ukicheza juu na chini kabla ya kuwa mzito mkononi, pini imelika. Wakati mwingine washa moja au mbili za chuma juu ya pini hurudisha mlango mahali pake, na gharama yake ni ndogo mno. Ikibidi kubadilisha bawaba, mlango uwekwe kwanza juu ya jeki au magogo imara, na ibadilishwe bawaba moja baada ya nyingine. Kukata zote mbili kwa pamoja huku kijana mmoja ameshikilia mlango kwa bega ni jambo linaloonekana kila siku, na ni la hatari.

Kwa mlango wa mti kuna kosa jingine, nalo ni la siku ulipotengenezwa. Ule ubao wa mshazari ulio nyuma ya mlango unatakiwa uanzie pembe ya chini upande wa bawaba na kupanda hadi pembe ya juu upande unaofunguka. Hapo uzito wa mlango unasukuma ubao kuelekea bawaba ya chini, nao unabeba. Ukipigiliwa kinyume, uzito unauvuta na misumari inang'oka kidogo kidogo. Mafundi wengi huuweka upande wowote kana kwamba ni pambo. Kabla hujanunua mlango mpya, utazame ule mshazari. Kuugeuza ni kazi ya nusu siku. Ukiwa hapo, gongagonga fremu kwa mpini wa nyundo. Sauti ya uwazi ndani, au vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, ni mchwa, na mbao iliyoliwa na mchwa haishiki skrubu hata ingekuwa ndefu namna gani.

Mlango wa chuma huanza kufa kutoka chini. Maji ya mvua hushuka kwenye bati na kutulia ndani ya chuma cha chini cha fremu, hasa pale mlango unapogusa sakafu. Waliojua mafuriko ya Gatumba mwaka 2020 na tena 2024, maji ya Rusizi na ya ziwa yalipoingia majumbani, wanaelewa kutu hiyo vizuri. Chukua bisibisi, uchome sehemu ya chini kila baada ya kiganja kimoja. Ikizama, chuma kimeliwa, na rangi itakuwa inashikilia kutu tu. Hata hivyo, hilo halimaanishi mlango wote utupwe. Mara nyingi kuanzia sentimita 20 kwenda juu bati bado ni zima, na la zamani huenda likawa nene kuliko yanayouzwa sasa. Fundi akate ule ukanda wa chini, achomelee mpya, atoboe matundu madogo chini ya fremu ili maji yatoke, na aache nafasi ya sentimita 2 juu ya sakafu. Sakafu yenyewe ielekee nje.

Katika kukwangua, tahadhari. Rangi nyingi za kabla ya miaka ya 1980 zilikuwa na madini ya risasi, na ile rangi nyekundu inayoelekea chungwa iliyopakwa chini kabisa kuzuia kutu mara nyingi ilikuwa ya risasi hasa. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto mdogo. Lowesha kwanza kabla ya kupiga msasa, watoto wakae mbali, na mabaki yakusanywe, yasifagiliwe uani penye kuku na mboga.

Aina ya pili ni mlango wa kipande kimoja unaonyanyuka na kulala chini ya dari, na ya tatu ni ule wa bati unaojikunja juu kama mkeka, wa kimaduka. Yote hubebwa na springi, na springi huchoka. Zile za kawaida hutengenezwa kwa kufunguka na kufunga takriban mara 10,000. Ukifungua mara nne kwa siku, hiyo ni chini kidogo ya miaka 7. Mlango uliokuwa mwepesi ukianza kuwa mzito, au usipotaka kukaa nusu ya njia bila kushikwa, springi imechoka au imekatika. Tazama pia kamba ya waya: nyuzi chache zilizokatika na kusimama kama miiba ni onyo la kutosha.

Hapa ushauri wetu ni mfupi. Funga mlango, usiupite chini yake, mwite anayeijua kazi hiyo. Springi iliyokazwa ina nguvu iliyofungiwa, na bolti moja ikifunguliwa vibaya spana huruka pamoja na vidole. Springi zile ndefu za pembeni zinazovutika zinatakiwa kupitishwa waya wa usalama katikati, ili zikikatika zisiruke. Milango mingi ya zamani haina, na kuongeza waya huo ni kazi ndogo. Wewe baki na kazi ya oili: tone kwenye magurudumu, kwenye bawaba na kwenye springi. Reli ifutwe kwa kitambaa tu. Grisi kwenye reli hushika vumbi la kiangazi na kugeuka udongo.

Kwa wanaoigeuza gereji kuwa stoo, kuna mambo ambayo mlango haukutengenezwa kuyabeba. Magunia yaliyopangwa hadi kuegemea mlango huukunja fremu kutoka ndani, kisha komeo hukataa na mtu hulaumu kufuli. Kukata mlango mdogo ndani ya mkubwa ni jambo zuri, lakini fremu yake izungushiwe chuma kwanza ndipo bati likatwe.

Zito zaidi ni la kijana anayelala ndani kulinda mali huku mwenye mali akipiga kufuli nje na kuondoka. Wafanyabiashara wanaokumbuka soko kuu la Bujumbura lilivyoteketea Januari 27, 2013 hawahitaji kuelezwa moto unavyokimbia kwenye nguo na plastiki. Wakati wa uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka ya 2022 hadi 2024, kuweka madumu ya petroli nyumbani kulizoeleka, na cheche moja ya kuchomelea bawaba inatosha. Anayelala ndani awe na komeo analoweza kulifungua mwenyewe gizani bila ufunguo. Petroli isikae humo kabisa, na siku ya kuchomelea bidhaa zitolewe, hata kama ni za siku moja tu.

Upo pia ugomvi wa nani alipe. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilimaliza muda wake mwaka 2022, lakini si kila nyumba iliyogombaniwa imepata mwenyewe moyoni mwa watu. Kama nyumba uliyorejea ina kesi, tengeneza kinachohatarisha maisha, weka risiti, na mlango mpya wa gharama usubiri.

Waliotoka Ulaya na Amerika huja na hamu ya mlango wa mota. Si vibaya, ila mota iliyonunuliwa Kanada au Marekani hutumia umeme wa volti 120, na wa kwetu ni 220; bila transfoma itaungua siku ya kwanza. Kama ni ya mtumba, tafuta mwaka wa kutengenezwa. Marekani iliagiza kwamba mota za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 ziwe na kinga ya kutombana mtu, na kwa kawaida hiyo ni macho mawili ya umeme yanayofungwa pembeni, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Ya zamani kuliko hapo huenda isiwe nayo. Ukishaifunga, laza kipande cha ubao chini ya mlango na uufunge: ukigusa ubao lazima urudi juu wenyewe. Na ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota usiikate wala kuifunga juu kwa ajili ya urembo, maana umeme ukikatika usiku ndiyo itakayokuwezesha kufungua mlango kwa mkono.