Printa Kuukuu Haijafa, Imekosa Mkalimani

Wahenga walitunasihi tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo umekuwa mgumu kufuatwa katika zama hizi za vyombo vya umeme. Kila kijacho huonekana kinyemi, na kila kilichotangulia hutupwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika. Miongoni mwa vilivyodhulumiwa kwa namna hii ni printa kuukuu za shule na ofisi zetu, zile zilizounganishwa na kompyuta kwa waya mnene wenye kichwa kipana.

Watu wa bahari hawana mazoea hayo ya kutupa. Asimamaye Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, huziona mashua zikivuka mkondo kutwa kucha. Umbo lao ni lile lile waliloliunda mababu, lakini nyingi zimefungwa mashine nyuma. Mashine zilipokuja, fundi hakuitia moto mashua. Alitengeneza mahali pa kuifungia mashine, na kazi ikaendelea. Je, kwa nini hekima hiyo isivuke bahari ikaingia madarasani?

Swali hili si la mzaha. Mnamo mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, vikiwemo vipakatalishi vya walimu. Baadaye, chini ya Mtaala wa Umilisi, shule zikatakiwa kupakua kazi za tathmini kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani na kuzichapisha zenyewe. Kwa shule ya kisiwani isiyo na printa, hilo lina maana ya nauli ya mashua hadi mjini na malipo kwa kila ukurasa. Hapana shaka kwamba mzigo huo humwangukia mzazi. Ndipo inapostahili kuuliza: ile printa iliyo stoo imekufa kweli, au imenyamazishwa tu?

Tuanze na asili yake. Kampuni ya Centronics ya Marekani ndiyo iliyoleta muundo huu wa kuunganisha printa mwaka 1970. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ikauchukua, upande wa kompyuta ukiwa na tundu 25 na upande wa printa ukibaki na ncha 36. Poti hii huitwa sambamba kwa kuwa biti nane husafiri kwa pamoja, kila moja katika waya wake, mithili ya wapagazi wanane wanaokwenda bega kwa bega. Mwaka 1996 ilikuja USB, ambayo hupeleka biti moja nyuma ya nyingine katika mstari mmoja, na kwa kasi kubwa zaidi. Watengenezaji wa vipakatalishi wakaona tundu pana halina haja tena, wakaliondoa. Printa haikuharibika, ilifungiwa mlango.

Mlango huo una ufunguo, nao ni waya wa kugeuza: kichwa cha USB upande mmoja, na kichwa cha ncha 36 upande wa pili. Ndani yake mna kifaa kidogo cha elektroni kinachoupokea ule mstari wa biti na kuupanga upya katika safu za nane. Yafaa printa izimwe kabla ya kuchomeka kichwa kile kipana, kwani poti sambamba haikuundwa ichomekwe huku umeme ukipita. Aidha, waya huu ni wa printa peke yake; skana za zamani zilizotumia tundu hilo hilo hazitasikia chochote.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu huchomeka waya, kisha kwa mazoea huchagua poti iitwayo LPT1. Karatasi haitoki, naye hutoa hukumu kwamba printa imekufa. Kumbe waya huo hauundi LPT1 katika kipakatalishi. Mfumo wa Windows huuona kama printa ya USB, na poti ya kuchaguliwa aghalabu ni USB001.

Poti ikishapatikana, hubaki suala la lugha. Printa ya sindano na utepe wa wino, hasa zilizotoka kampuni ya Epson, huelewa amri ziitwazo ESC/P. Printa nyingi za leza za HP huelewa PCL. Hizi ni lugha zinazofahamika hadharani, na kiendeshi cha printa nyingine ya ukoo huo huweza kutumika pale kile cha asili kinapokosekana. Windows ina kiendeshi cha jumla kinachotoa maandishi matupu bila picha. Mfumo wa Linux nao hutumia CUPS, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1999, pamoja na viendeshi vya printa nyingi za zamani.

Hata hivyo, tusidanganyane. Zipo printa zilizouzwa kwa bei nafuu miaka ya 1990 ambazo hazikuwa na lugha ya kueleweka na wengine. Zilitegemea programu ya mtengenezaji, iliyoandikwa kwa Windows ya wakati huo na haikuandikwa tena. Hizo, waya pekee hautazifufua. Tena printa ya sindano ina kelele, na michoro huitoa polepole. Lakini utepe wake ukipauka hupauka kidogo kidogo, haukauki ghafla kama wino wa kibweta ulioachwa likizo nzima. Haihitaji umeme mwingi wa kupasha joto kama leza, jambo lenye uzito kwa shule inayotegemea jua. Na ukiutoa utepe, sindano zake hukata stensili, kazi ambayo printa ya leza haiwezi.

Rai yangu, basi, ni hii. Kabla shule haijaandika barua ya kuomba printa mpya, na ifungue stoo, isome jina la printa iliyomo, iulize inaelewa lugha gani. Na siku ya kununua mpya, swali la kwanza lisiwe bei wala wembamba, bali lugha: je, itaelewana na kompyuta ya miaka kumi ijayo? Kazi hiyo ya uchunguzi wapewe wanafunzi wenyewe katika kipindi cha kompyuta. Mwanafunzi aliyewahi kuipatia printa ya zamani mkalimani, akaona karatasi ya kwanza ikitoka, atakuwa ameelewa kompyuta ni nini kuliko aliyefundishwa kubonyeza vitufe tu.