MAHAFALI YA MWANAO YAANZE SHAMBANI

Mwaka huu mwanao anamaliza kidato cha nne. Hongera sana. Ada ya shule iliondolewa tangu Januari 2016, lakini sare, viatu, daftari na sabuni ulinunua wewe. Asubuhi za baridi ulimwamsha wewe. Kwa hiyo una haki ya kufurahi siku ya mahafali.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni kuzungumza nawe juu ya mbegu, mbolea na palizi. Labda unajiuliza, "Bwana Shamba na mahafali, wapi na wapi?" Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba mahafali na shamba ni jambo moja.

GHALA LIKIJAA HUDANGANYA

Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Iringa na Mbeya, tunaanza kupanda Novemba au Desemba. Tunavuna kati ya Mei na Julai. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Shule nyingi hufanya mahafali kabla ya mtihani huo, mwezi wa Septemba au Oktoba.

Sasa tazama. Mwezi wa Oktoba ghala bado lina mahindi. Ukifungua mlango unaona magunia yamepangwa. Moyo unakuambia, "Mahindi ni mengi. Tuuze, tufanye sherehe."

Lakini mahindi hayo si ya Oktoba tu. Ni ya Desemba, utakapokuwa unalima na kupanda. Ni ya Januari na Februari, utakapokuwa unapalilia. Ni ya Machi na Aprili, wakati mahindi mapya bado hayajakomaa. Ghala la Oktoba lina kazi ya miezi mingi.

YALIYOTUPATA NYUMBANI

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1998. Baba yangu alikuwa na magunia 10 ya mahindi. Aliuza magunia 6. Alinunua mbuzi wawili na mchele. Alinishonea suti. Alikodi muziki. Gunia moja zaidi lilikwenda kwenye pombe na ugali wa wageni.

Watu walikula mpaka usiku. Walimsifu baba, wakanisifu na mimi. Nilijiona mtu mkubwa.

Yalibaki magunia 3. Katikati ya Januari tukaona sakafu ya ghala. Tulianza kununua mahindi kwa debe. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile tuliyouzia Oktoba. Fedha zilipokwisha, mama na mimi tulikwenda kulima kibarua. Tulipalilia mashamba ya wengine ili tupate unga wa jioni.

Wakati huo shamba letu lilikuwa linangoja. Wewe ni mkulima, unajua. Mahindi machanga yakikosa palizi ya kwanza, magugu hunyang'anya maji na mbolea. Hata ukija kupalilia baadaye, hasara imekwisha kuingia. Siku moja mama alisimama katikati ya shamba la jirani, akafuta jasho, akaniambia: "Mwanangu, mahafali yako bado tunayapalilia."

Mwaka ule tulivuna magunia 5 tu. Nilipopata nafasi ya kwenda chuo cha kilimo, nyumbani hapakuwa na nauli wala fedha za chuo. Nilikaa mwaka mzima kijijini. Suti ilikuwa imetundikwa ukutani.

Simlaumu baba yangu. Alinipenda. Alitaka kijiji kione kwamba mtoto wake amesoma. Lakini hakupiga hesabu.

PIMA KWANZA, UUZE BAADAYE

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto wako anayehitimu anaweza kukusaidia. Chukueni daftari na kalamu.

Kwanza, jua debe moja la mahindi linalisha nyumba yako siku ngapi. Tuseme siku 6. Basi mwezi wa siku 30 unahitaji debe 5.

Pili, hesabu miezi. Kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi mwisho wa Juni ni miezi 9. Debe 5 mara miezi 9 ni debe 45.

Tatu, debe 6 hujaza gunia moja. Debe 45 ni magunia 7 na nusu.

Hayo magunia 7 na nusu si ya kuuza. Ni chakula. Kama una magunia 10, yanayobaki ni mawili na nusu tu. Na hapo hujanunua mbegu. Ekari moja ya mahindi huhitaji mbegu kilo 8 hadi 10. Mbolea nayo inakusubiri. Toa hivyo kwanza. Kinachobaki ndicho cha mahafali.

Sasa rudi kwa baba yangu. Nyumba yetu pia ilikula debe moja kwa siku 6. Magunia 3 ni debe 18. Debe 18 mara siku 6 ni siku 108. Ukianza kuhesabu tarehe 1 Oktoba, siku 108 zinakwisha tarehe 16 Januari. Njaa yetu ilikuwa na tarehe. Tungeweza kuisoma kabla haijafika.

Wako wanaouza mapema kwa kuogopa dumuzi. Woga huo una sababu. Lakini dawa yake si kuuza chakula. Kausha mahindi vizuri, yapembue, kisha yahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi naongeza: haiozi ikiwa imekauka.

LISHA WAGENI KWA ULICHOKIANDAA

Chakula cha mahafali kiandaliwe mapema, kama unavyoandaa shamba. Mahafali hayaji ghafla. Mtoto akiingia kidato cha nne mwezi wa Januari, wewe umekwisha kujua.

Anza na kuku. Kuku wa kienyeji huatamia siku 21. Kifaranga huchukua kama miezi 6 mpaka afae kuchinjwa. Ukimwatamisha kuku tarehe 20 Machi, vifaranga watatoka karibu tarehe 10 Aprili. Kufika Oktoba watakuwa tayari. Ukiatamisha kuku wawili au watatu kwa pamoja, hutahitaji kununua mbuzi.

Lakini kumbuka mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Hauna tiba. Una chanjo. Kuku hudondoshewa tone moja katika jicho moja. Rudia kila baada ya miezi 3. Shirikianeni na majirani, kwa sababu chupa moja hutosha kuku wengi.

Kisha mboga. Kama una kijibustani bondeni, panda kabichi na nyanya mwezi wa Juni. Mchicha upande wiki 4 kabla ya sherehe. Mwagilia asubuhi na jioni. Siku ya mahafali utachuma chakula shambani kwako, wala hutakopa dukani.

Na usiite wilaya nzima. Mgeni wa kweli atakula ulichonacho na atakushukuru.

USIMSAHAU MWENYE MAHAFALI

Mahafali ni sherehe ya kuaga shule. Mtihani bado uko mbele. Wako vijana wanaotumia wiki tatu kutafuta nguo, kufanya mazoezi ya ngoma na kugombania viatu. Mtihani unapofika, daftari lina vumbi.

Sare safi iliyopigwa pasi inatosha. Mwalimu anamjua mtoto wako kwa sare hiyo. Mgeni rasmi hatauliza bei ya suti. Mazoezi ya kwaya, ngonjera na risala yafanyike kwa saa zilizopangwa na walimu. Jioni mtoto asome. Mpunguzie kazi za kuchota maji na kuchunga katika wiki hizo. Hilo nalo ni tunzo, na halina gharama.

BAADA YA TAJI KUNYAUKA

Siku ya mahafali mtoto huvishwa taji la maua. Kesho yake taji limenyauka. Je, umebakiza nini?

Katika miaka ya karibuni matokeo ya kidato cha nne yametangazwa mwezi wa Januari. Wanaochaguliwa kwenda kidato cha tano huanza masomo karibu na Julai. Ada ya kidato cha tano na sita nayo iliondolewa mwaka 2022. Lakini nauli ipo. Godoro lipo. Ndoo, shuka na sanduku vipo. Anayekwenda chuo cha kilimo, ualimu au ufundi ana mahitaji yake pia. Fedha utakayoiokoa Oktoba ndiyo itakayompandisha basi.

Na kama hakuchaguliwa, usimwache akae barazani. Mpe nusu ekari iwe yake. Mpe kuku mmoja mwenye vifaranga. Amesoma baiolojia na amejifunza hesabu. Mwache aandike gharama na mavuno yake katika daftari. Elimu haikwishi siku ya mahafali.

Ndugu msomaji, mwaka jana mtoto wangu mwenyewe alihitimu. Tulichinja kuku saba wa nyumbani. Tulikula ugali, kabichi na nyanya za bustanini. Alivaa sare yake. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee, alikaa mbele. Jioni aliomba apelekwe ghalani. Alipapasa magunia moja baada ya jingine, akihesabu kwa sauti. Alipofika la nane akacheka, akasema: "Haya. Sasa huyu amehitimu."

MASWALI YA KUJADILI

1. Debe moja la mahindi hulisha nyumba yako siku ngapi?
2. Unahitaji magunia mangapi kutoka Oktoba hadi mwisho wa Juni?
3. Kwa nini kulima kibarua mwezi wa Januari hupunguza mavuno ya nyumba?
4. Kijiji chenu kinaweza kufanya nini ili kuku wote wachanjwe kwa siku moja?