Mvua ya Msitu wa Kongo: Saa na Majira

Akiulizwa kuhusu mvua ya misitu ya ikweta, mtahiniwa mara nyingi huandika: "Jua huwaka asubuhi, mvua hunyesha alasiri kila siku." Jibu hilo ni nusu tu. Linaeleza saa ya mvua, lakini halielezi kwa nini baadhi ya miezi hupata mvua nyingi kuliko mingine.

1. Mvua ya siku
Asubuhi jua hupasha ardhi joto. Maji huvukizwa kutoka mitoni na kwenye udongo, na miti hutoa mvuke kupitia majani. Hewa yenye joto na unyevu hupanda na kupoa. Kabla ya kushiba mvuke, hupoa takriban nyuzi 1 ya sentigredi kwa kila mita 100. Mvuke hugeuka matone, mawingu marefu ya kumulonimbasi hujengeka, kisha mvua ya radi hunyesha, hasa alasiri na jioni. Hii ndiyo mvua ya konveksheni. Katika Bonde la Kongo, baadhi ya dhoruba husafiri kuelekea magharibi na kufika mahali pengine usiku.

2. Mvua ya majira
Chukua mfano wa Kisangani, mji ulio karibu na ikweta. Jua huwa la utosi kwenye ikweta mnamo Machi 21 na Septemba 23. Ukanda wa makutano ya pepo hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Unapopita, pepo hukutana, hewa hupanda kwa wingi na mvua huongezeka: Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Julai ukanda uko kaskazini, Januari uko kusini. Mvua hupungua, lakini haikatiki.

Zingatia: Joto la Kisangani hukaribia nyuzi 25 mwaka mzima. Kwa hiyo joto peke yake haliwezi kuwa sababu ya majira ya mvua. Lazima pawepo pia unyevu na nguvu ya kuinua hewa.

Swali la mazoezi
Kwa nini Kisangani ina vilele viwili vya mvua kwa mwaka ilhali joto lake halibadiliki sana?

Dondoo: jua la utosi mara mbili, kuhama kwa ukanda, hewa kupanda, mvuke wa msitu.