Nyoka Hali Mahindi

Jioni moja mtu anaingia ghalani kuchukua mahindi. Mara anaona mkia unapotelea chini ya gunia. "Nyoka! Nyoka! Leteni fimbo!" Majirani wanakuja mbio. Nyoka anapigwa mpaka anakufa, na watu wanashangilia. Usiku ule ule panya wanaendelea kutafuna mahindi.

Je, nyoka yule alifuata nini ghalani? Nyoka hali mahindi. Hali maharage wala unga. Alifuata panya.

Tupige hesabu

Panya-shamba jike anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Wakifika umri wa miezi mitatu hivi, watoto hao nao wanaweza kuzaa. Chukua kalamu. Panya dume na jike wamezaa watoto 10. Tuseme majike ni 5. Pamoja na mama yao ni majike 6. Kila jike akizaa watoto 10, wanapatikana wengine 60. Jumlisha 2, na 10, na 60. Loo! Ni panya 72, na wote wanataka kula.

Panya hufukua mbegu kabla hazijaota, na mkulima hulazimika kupanda tena. Akivuna, wanamfuata ghalani. Tena viroboto vya panya huweza kuleta tauni. Ndugu zetu wa Lushoto wanaujua ugonjwa huo. Ulizuka kwao mwaka 1980, ukawasumbua kwa miaka mingi.

Kazi ya nyoka

Paka humvizia panya nje ya shimo. Nyoka mwembamba huingia humo humo shimoni, akameza watoto wa panya hata kabla hawajatoka nje. Nyoka naye huliwa na nguchiro na ndege kama tai. Hivyo kila mnyama anapunguzwa na mwenziwe.

Nyoka peke yake hawezi kumaliza panya wote. Akishiba, huweza kukaa siku nyingi bila kula. Lakini ukiua kila nyoka unayemwona porini, unampunguzia panya adui zake.

Hatari ipo

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo ina sababu. Nyoka wengi hawana sumu ya kumwua mtu, lakini koboko, swila na kifutu wana sumu kali. Kifutu hakimbii. Hulala kimya njiani, na rangi yake ni kama majani makavu. Mtu anamkanyaga, naye anauma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni watu wa vijijini kama sisi.

Tufanye nini?

Hatusemi ukae na nyoka nyumbani. Tunasema umwondolee sababu ya kuja.

1. Jenga ghala juu ya nguzo, na kila nguzo uifunge bati ili panya wasipande.
2. Fyeka majani karibu na nyumba. Ondoa takataka na marundo ya matofali na kuni.
3. Usiku tembea na tochi. Vaa viatu.
4. Usiingize mkono shimoni wala chini ya gogo.
5. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka.
6. Ukikutana na nyoka porini, rudi nyuma polepole, umwache apite. Watu wengine huumwa wakijaribu kumwua.

Mtu akiumwa

Usimchanje. Usinyonye jeraha. Usimfunge kamba ya kukaza, maana mguu unaweza kuoza. Usimpe pombe. Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Mlaze, mtulize, asitembee. Funga kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usicheze. Kisha mbebe upesi mpaka hospitali. Usipoteze saa kwa mganga au kwa jiwe la nyoka. Swila akimtemea mtu machoni, mwoshe macho kwa maji mengi safi, kisha mpeleke kwa mganga wa zahanati.

Dawa ya sumu ya nyoka haipatikani katika kila zahanati. Basi ulizeni mapema ni hospitali gani inayo, na nani kijijini ana pikipiki au gari la kumpeleka mgonjwa. Jambo hilo lizungumzwe katika mkutano wa kijiji leo, kabla mtu hajaumwa.

Ukiona nyoka ghalani, ujue panya wametangulia. Waondoe hao kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nyoka huja karibu na nyumba zetu?
2. Je, ghala lako linazuia panya? Kama halizuii, utalitengenezaje?
3. Mtu akiumwa usiku huu kijijini kwetu, tutampeleka wapi, na kwa njia gani?